Kikundi chetu kinataka serikali ndogo. Vita vya ng'ambo vinatuhusu nini?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, kwa grini kadi. Nina malori mawili na dereva mmoja. Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha majirani kinachodai serikali ipunguzwe: kodi ya majengo ishuke, vibali vipungue, Washington iache kutapanya. Tulikwenda vizuri hadi jioni moja mwenzetu aliposema kwamba madhali Marekani inaingilia nchi za watu na kuweka kambi za jeshi kila pembe, serikali haitapungua kamwe na sisi tunajidanganya. Wawili kati yetu waliopigana Iraki walinyanyuka wakatoka. Sasa nusu ya watu hawaji, na mwenyekiti amepiga marufuku mambo ya nje kutajwa kikaoni. Mimi nadhani pesa nyingi inapotelea kwenye misaada ya nje, lakini dada yangu kule Muheza anafanya kazi kliniki ya VVU iliyokuwa ikitegemea pesa hizo hizo, kwa hiyo naona haya hata kulisema. Je, ni kweli kuingilia nchi za nje kunaikuza serikali nyumbani? Na sisi tunyamaze, au tuseme?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kama uhusiano huo upo kweli, na kikundi chenu kiufanyie nini. La kwanza lina jibu. La pili ni la kupima, na nitakupa maoni yangu bila kuyapaka rangi ya sayansi.

Uhusiano upo, ila haupiti pale mwenzenu anapofikiri, wala pale unapofikiri wewe. Nyote wawili mnaangalia pesa. Pesa ni sehemu tu, tena si kubwa sana. Kinachonenepa zaidi kwa vita vya nje ni mamlaka ya serikali juu ya watu wake, na anayebadilika zaidi ni mwanaharakati mwenyewe: anazoea kusema "serikali ndogo, isipokuwa hapa", na hiyo "hapa" inapanuka kila mwaka.

Lakini tuanze na hizo pesa, maana hapo ndipo watu wanapogombana bure. Katika mwaka wa fedha wa 2024 serikali kuu ya Marekani ilitumia karibu dola trilioni 6.75. Misaada yote ya nje, ya chakula, dawa, silaha na mengineyo, ni takriban asilimia 1 ya matumizi hayo. Pensheni ya wazee, ile Social Security, peke yake inazidi moja ya tano. Shirika la USAID lilifungwa rasmi Julai 2025, na deni la taifa likaendelea kupanda kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa hiyo dada yako hana la kuonewa haya. Mpango wa dawa za VVU ulianzishwa na George W. Bush mwaka 2003, na mtu anaweza kabisa kuuliza kama ni kazi ya mlipakodi wa Ohio kuugharamia. Hilo ni swali halali. Ila mtu akikwambia kwamba kliniki za Muheza ndizo zilizoifanya Washington iwe kubwa, hajafungua bajeti.

Mwenzenu wa kambi za jeshi naye umpoze kidogo. Ulinzi unachukua karibu asilimia 13 ya matumizi ya serikali kuu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, jeshi lilikuwa likila karibu asilimia 9 ya pato la taifa. Leo linakula kama asilimia 3. Lingekuwa suala la jeshi tu, serikali ingekuwa imeshakonda zamani. Sweden haikupigana vita tangu 1814 na ilijiunga na NATO mwaka 2024 tu, lakini hakuna atakayekwambia kwamba kodi za Sweden ni ndogo. Uswisi haivamii mtu, na bado inawalazimisha vijana wake wa kiume kwenda jeshini. Kufunga kambi zote kesho hakutakuletea serikali ndogo keshokutwa.

Na kodi ya majengo, jambo ambalo kwa kadiri ninavyokuelewa ndilo lililowakutanisha? Hiyo inakwenda kaunti, shule, zimamoto na maktaba. Haifiki Pentagon hata senti. Kama kikundi chenu kingekuwa cha kodi ya majengo peke yake, mwenyekiti angekuwa sahihi kabisa kuyafungia nje mambo ya ng'ambo. Tatizo ni kwamba mmejiita watu wa serikali ndogo, na mmeweka Washington kwenye orodha.

Sasa tazama jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi. Una dereva mmoja. Kila unapomlipa, unamkata kodi kabla hajaigusa hela yake, kama PAYE ya nyumbani. Utaratibu huo wa kuikata kodi ya mapato kwenye mshahara ulianza Marekani Julai 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1939 waliolipa kodi ya mapato ya serikali kuu walikuwa kama watu milioni 4. Kufikia 1945 walizidi milioni 40. Kodi ya matajiri ilikuwa imegeuzwa kodi ya kila mtu, na watu wengi kiasi hicho hungeweza kuwadai mwisho wa mwaka. Ilibidi ukate juu kwa juu. Mmoja wa wachumi vijana waliokuwa Wizara ya Fedha wakiusanifu utaratibu huo alikuwa Milton Friedman, huyo huyo ambaye baadaye akawa nabii wa serikali ndogo. Vita viliisha 1945, makato yakabaki. Na ni makato hayo yanayofanya mfanyakazi asiyasikie maumivu ya kodi yake: hajawahi kuzishika hizo pesa, atazililiaje?

Rudi nyuma zaidi. Kodi ya mapato ilipoanza 1913, kiwango cha juu kabisa kilikuwa asilimia 7. Marekani ikaingia Vita vya Kwanza, na mwaka 1918 kiwango hicho kikafika 77. Amani ikaja, kikashushwa, na mwaka 1925 kilikuwa 25. Wanasiasa wakajipongeza kwa kuishusha kodi, na kweli waliishusha, lakini 25 si 7. Mchumi Robert Higgs ndiye aliyelifanyia kazi jambo hili kwa kina miaka ya 1980. Wewe unalijua kwa mikono: ule mkanda wa kufungia mzigo kwenye lori, kila ukivuta mkono wake unakaza, ukiachia unatulia pale pale ulipofika. Dharura inavuta. Amani haifungui, inapumzisha tu.

Mifano iko mingi. Bima ya afya kupewa na mwajiri, jambo linalomchanganya kila mhamiaji anayefika Marekani, ilipata nguvu mwaka 1942, serikali ilipozuia mishahara kupanda kwa sababu ya vita na waajiri wakaanza kuvutia wafanyakazi kwa bima. Kodi ya simu iliyowekwa kugharamia vita na Uhispania mwaka 1898 iliondolewa, ikarudishwa, na kwa simu za masafa marefu ikaendelea kutozwa hadi 2006, Wamarekani na Wahispania wakiwa wameshasahau waligombania nini. Na ile fomu 2290 unayoijaza kila Agosti kwa ajili ya malori yako? Kodi yake ilizaliwa 1956 pamoja na barabara kuu unazopita, I-70 na I-71, na sheria iliyozijenga ilitia neno "ulinzi" kwenye jina la mtandao wake, kwa sababu katika enzi za Vita Baridi ukilipachika neno hilo kwenye mswada ulipita kirahisi zaidi. Sikwambii barabara hizo ni mbaya, unazilia mkate. Nakuonyesha mlango ambao mambo hupitia.

Mlango huo huo hupitisha mamlaka, na hapo ndipo mtu wa serikali ndogo anapaswa kukosa usingizi. Juni 1918, pale Canton, mwendo wa saa mbili kutoka kwako, Eugene Debs alihutubia mkutano akapinga vita. Alikuwa msoshalisti, mtu ambaye kikundi chenu kisingemkaribisha chai, lakini kosa lake lilikuwa maneno tu. Alihukumiwa miaka 10 chini ya Sheria ya Ujasusi ya 1917, akagombea urais mwaka 1920 akiwa gerezani na kupata kura karibu milioni moja. Sheria hiyo haikufutwa vita vilipoisha. Edward Snowden, aliyefichua mwaka 2013 jinsi serikali ilivyokuwa ikikusanya rekodi za simu za Wamarekani, alishtakiwa kwa sheria hiyo hiyo.

Baada ya Septemba 2001 mambo yalikwenda mbio. Ndani ya siku tatu Bunge likampa rais idhini ya kutumia nguvu, maneno 60 tu ya Kiingereza, na katika Baraza la Wawakilishi aliyepiga kura ya hapana alikuwa mmoja, Barbara Lee wa California. Maneno hayo 60 ndiyo yaliyokuja kutumika kuhalalisha mapigano hadi Somalia. Watu wa Lamu wanajua maana yake: Januari 2020 al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay wakaua Wamarekani watatu. Sidhani raia wengi wa Ohio siku hiyo walijua kwamba nchi yao ilikuwa vitani karibu na Lamu, wala kwamba mbunge wao hakuwahi kulipigia kura jambo hilo kwa jina. Mara ya mwisho Bunge la Marekani kutangaza vita rasmi ilikuwa 1942.

Kwa karibu zaidi, hapo Columbus penyewe, mwaka 2013 polisi wa Chuo Kikuu cha Ohio State walipewa gari la deraya la aina iliyoundwa kuhimili mabomu ya kutegwa barabarani Iraki na Afghanistan. Chuo! Jeshi lilikuwa na magari hayo kupita mahitaji, na kuna mpango wa tangu miaka ya 1990 unaoruhusu vifaa vya ziada kwenda kwa polisi. Hakuna mtu aliyekaa akapanga njama. Vita viliagiza mali, vita vikapungua, mali ikatafuta pa kwenda.

Usidhani haya ni maradhi ya Wamarekani peke yao. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011. Mashambulizi ya kulipiza kisasi yalipozidi, Bunge la Nairobi likapitisha Desemba 2014 sheria ya usalama iliyopanua uwezo wa serikali kusikiliza simu na kubana vyombo vya habari, huku wabunge wakisukumana na kurushiana karatasi ukumbini. Miezi miwili baadaye Mahakama Kuu ikafuta vifungu kadhaa. Na wewe, kama una mzee aliyekuwepo Tanga mwaka 1979, muulize. Vita vya Kagera hatukuvianza sisi, Amin ndiye aliyevuka mpaka. Lakini Mwalimu Nyerere alipotuambia tufunge mikanda miezi 18, miezi hiyo ilipokwisha foleni za sukari na sabuni ndizo zilikuwa zinarefuka. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, sera zetu za uchumi nazo zilikuwa na lao. Vita haviwezi kubebeshwa lawama yote. Hata hivyo mwaka 1983 serikali ilikuwa ikiwakamata wenye maduka kwa "uhujumu uchumi", na lugha iliyotumika ilikuwa ya mapambano.

Sasa nije kwa wanaharakati wenyewe, kwa kuwa hapa ndipo swali lako lilipolalia.

Mzozo wenu wa sebuleni ni wa zamani kuliko nyinyi nyote, na mhusika wake mkuu alitoka jimbo lenu. Seneta Robert Taft wa Ohio aliitwa "Bwana Republican". Alipinga NATO katika kura ya 1949, na Rais Truman alipopeleka majeshi Korea mwaka 1950 bila kuliuliza Bunge, Taft alisimama akasema rais hana mamlaka hayo, ingawa Korea yenyewe alikubali ilindwe. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba huwezi kuwa na rais mwenye mikono mirefu nje na mifupi ndani. Mikono ni ile ile. Hakuwa malaika, kwa kuwa alisaidia pia kupitisha sheria ya nyumba za umma. Mwaka 1952 alishindwa na Eisenhower kwenye uteuzi wa chama, na mwaka uliofuata akafariki.

Mwaka huo huo wa 1952 mwandishi kijana William F. Buckley, ambaye angekuja kuwa msemaji mkuu wa wahafidhina, aliandika waziwazi kwamba kwa muda wote wa tishio la Usovieti itabidi kuikubali serikali kubwa nyumbani, pamoja na kodi na urasimu wake, kwa sababu Ukomunisti ndiyo hatari kubwa zaidi. Namheshimu kwa kulisema bila kuficha. Wengi waliomfuata walikubaliana na biashara hiyo kimyakimya, halafu wakashangaa kwa nini "muda wa tishio" hauishi.

Biashara yenyewe inafanyikaje? Chukua mfano wa 2011. Wabunge wapya wa wimbi la Tea Party, vuguvugu la kudai serikali ndogo, walikuwa wamefika Washington kwa hasira ya matumizi, na wakafanikiwa kupata sheria ya kuweka ukomo wa bajeti, ukomo mmoja kwa ulinzi na mwingine kwa matumizi mengine. Ilikuwa silaha kali kuliko zote walizowahi kuwa nazo. Ukomo ukaanza kuuma mwaka 2013. Waliolia kwanza upande wa Republican walikuwa wale wa ulinzi: jeshi linadhoofika, dunia ni hatari. Ili kuliongezea jeshi walihitaji kura za Democrats, na Democrats wakasema sawa, kila dola ya jeshi ije na dola ya mambo yetu. Wakakubaliana 2013, wakarudia 2015, 2018 na 2019. Kilichozidi kikawekwa kwenye fungu la "operesheni za ng'ambo" ambalo halikuhesabiwa kwenye ukomo. Kumbuka asilimia 13 niliyokutajia. Ni ndogo, lakini ndiyo iliyoshika ufunguo wa zilizobaki. Mtu asiyeweza kumwambia jenerali "hapana" hawezi kumwambia "hapana" mtu yeyote, kwa kuwa kila mwenye haja yake atajipanga nyuma ya jenerali.

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza.

Upande wa pili usikilizwe pia, tena kwa hoja yake nzuri kabisa, kwa kuwa wale wawili waliotoka kikaoni wanaiamini na si wajinga. Wao wanasema: hatari usiyoizuia ikiwa mbali utaipigania ikiwa karibu, na vita vikubwa vya karibu ndivyo vinavyoikuza serikali kuliko vyote. Ndani ya miaka michache baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor mwaka 1941 matumizi ya serikali kuu yalipita asilimia 40 ya pato la taifa. Kambi chache za gharama nafuu, wanasema, ni bora kuliko 1943 nyingine. Hoja hiyo ina uzito. Udhaifu wake ni kwamba inahalalisha vita vyovyote mapema, bila kipimo cha kujua kipi kilizuia kitu na kipi kilichochea. Iraki ya 2003 iliuzwa kwa hoja hiyo hiyo, na ilipiganwa kwa mkopo huku kodi zikipunguzwa. Novemba mwaka huo huo, chama cha Bush, Republican, kilipitisha ruzuku mpya ya dawa kwa wazee, na upigaji kura wa alfajiri ukaachwa wazi kwa muda wa karibu masaa matatu ili wabunge wagumu wabanwe mpaka wabadilike. Kumgomea rais wa chama chako vitani ni kazi ngumu. Riba ya mikopo ya namna hiyo, pamoja na mingine mingi, mwaka 2024 ilizidi matumizi ya ulinzi.

Basi mnyamaze? Tea Party ilijaribu. Kuanzia mikutano ya Aprili 2009 walikubaliana bila kuandika: tuzungumze deni, kodi na bima ya afya, mambo ya nje tuyaache. Iliwasaidia kujaza viwanja. Lakini walipowapeleka watu wao Bungeni, walikuwa wamewachagua bila kuwauliza swali moja ambalo lingewagawa. Mapema 2011 vifungu vya Sheria ya Patriot, ile ya upelelezi iliyopitishwa 2001, viliporudi kuongezwa muda, wengi wa wabunge wapya walipiga kura ya ndiyo. Machi 2013 seneta Rand Paul aliposimama Senetini karibu saa 13 kuhoji ndege zisizo na rubani, seneta wa chama chake mwenyewe, John McCain, aliwaita yeye na wenzake ndege wenda wazimu. Ukimya hauzuii mgawanyiko. Unauahirisha hadi siku ambayo kura inahesabiwa.

Je, mlifanye kiapo, kwamba asiyepinga vita si mwenzetu? Hilo nalo lina bei yake, na mmeshaanza kuilipa. Ron Paul, baba yake Rand, alilisema bila kupepesa Mei 2007, kwenye mdahalo wa Republican kule South Carolina, kwamba mashambulizi ya 2001 yalihusiana na miaka mingi ya Marekani kuingilia Mashariki ya Kati. Rudy Giuliani, aliyekuwa meya wa New York wakati wa mashambulizi hayo, alimtaka ayafute maneno hayo, ukumbi ukashangilia. Paul hakuyafuta. Desemba mwaka huo wafuasi wake walimchangia zaidi ya dola milioni 6 kwa siku moja, kwa hiyo wenye masikio walikuwepo. Uteuzi hakuupata, wala hakuukaribia.

Kuna njia ya katikati, na ndiyo ningeichagua mimi: yaacheni majina ya nchi, shikeni vitu vya nyumbani. Msibishane kama Ukraine isaidiwe au Iran ipigwe. Sebule ya majirani haitalimaliza hilo. Ulizeni nani anapiga kura kabla kijana wa Ohio hajapelekwa. Katika majimbo kadhaa kuna miswada inayosema kikosi cha Walinzi wa Taifa, wanajeshi wa akiba wa jimbo, kisipelekwe kupigana nje mpaka Bunge litangaze vita. Mswada wa New Hampshire ulipita katika baraza la wawakilishi la jimbo Januari 2024, ingawa haukuwa sheria. Ulizeni serikali ikitaka kusoma ujumbe wa raia uliokusanywa kwa jina la ujasusi wa nje, iende kwanza mahakamani? Aprili 2024 pendekezo la namna hiyo lilianguka kwa kura 212 kwa 212, sare kamili, na ndani ya hizo kura za ndiyo walikuwemo Republicans 128 na Democrats 84. Sare! Simu kumi kwa mbunge mmoja zingeweza kuwa na maana. Ulizeni polisi wa mji wenu wamepokea vifaa gani vya jeshi, na nani aliidhinisha. Ulizeni vita vijavyo vitalipiwa kwa kodi au kwa mkopo, maana vita vya mkopo ndivyo vinavyopendwa na wasiovilipa.

Maswali haya mwanajeshi mstaafu anaweza kuyajibu bila kuhisi ametukanwa, na mara nyingi atayajibu vizuri kuliko wewe. Usikadirie anachoamini. Ron Paul mwenyewe alikuwa daktari wa jeshi la anga, na katika kampeni ya 2012 aliwapita wagombea wenzake wa Republican kwa michango ya watu waliotaja jeshi kuwa mwajiri wao. Wafuateni wale wawili nyumbani kwao, na aende mtu mmoja, isiwe ujumbe wa kikundi. Aanze kwa kuwauliza walichokiona Iraki, na awaache wamalize. Kauli ya "tunajidanganya" mbele ya mtu aliyezika wenzake ilikuwa ya kuchokoza, hata kama hoja ilikuwa nzuri, na aliyeitoa ndiye mwenye deni la kuomba radhi.

Kwa mwenyekiti, ningependekeza abadilishe marufuku iwe utaratibu: kikao cha kodi ya majengo kibaki cha kodi ya majengo, na mara moja moja kuwe na kikao tofauti cha mambo ya Washington, anayetaka aje. Watu huvumilia tofauti zaidi wanapojua saa yake. Na kama mkifika mahali vitisho vinatumwa kwenye simu, au michango inagombaniwa, hilo si la kujibiwa na mimi nikiwa mbali. Tafuteni mpatanishi mnayemheshimu wote, akae nanyi uso kwa uso.

Mwisho ni lako wewe binafsi, na ningekuwa nimeliweka la kwanza kama ningejua utasoma hadi mwisho. Una grini kadi, hujawa raia. Haki ya kusema na kukutana unayo. Kupiga kura au kujiandikisha kupiga kura huna, na hata ukijiandikisha kwa bahati mbaya kaunta ya leseni, unaweza kuharibu ombi lako la uraia au zaidi ya hapo. Waraka wa kudai kura ya maoni kuhusu kodi ya majengo ukipitishwa kikaoni, usitie sahihi. Ohio inataka sahihi za wapiga kura walioandikishwa. Kuhusu kuchangia pesa kuwe na tahadhari zaidi: sheria ya taifa inamruhusu mwenye grini kadi kuchangia wagombea, lakini Ohio ilipitisha mwaka 2024 sheria inayowazuia wasio raia, wewe ukiwemo, kuchangia kampeni za kura za maoni, na mahakama zimekuwa zikiivutania. Fomu ya kuomba uraia nayo huuliza vikundi ulivyowahi kujiunga navyo; jibu ni kusema kweli, lakini jua mapema utaliandikaje. Kabla ya kutoa hata dola 20 au kuchukua cheo chochote kwenye kikundi, nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, si kwa rafiki aliyepata uraia mwaka jana. Na kama kikundi kimesajiliwa kuwa hisani isiyotozwa kodi, mwenyekiti naye amwone mwanasheria kabla ya kumpigia debe mgombea yeyote, kwa sababu usajili wa aina hiyo unakataza jambo hilo moja kwa moja.